Mtumishi Aliyekatwa Kitabuni

Ninyi mnaoanza kufundisha fasihi mwaka huu, nisikilizeni kabla hamjapewa funguo za ofisi. Kufundisha kitabu si kazi ngumu. Kazi ni kukichagua. Ukikosea kuchagua, hata uwe na sauti ya padri wa Pasaka, utamaliza muhula ukizungumza na madawati. Mimi nimezungumza na madawati miaka minne mizima, kwa hiyo nina haki ya kutoa ushauri.

Nilifundisha kozi moja kwa miaka ishirini na mitatu, kwenye chuo kidogo hapa Gisenyi: fasihi ya Kiingereza ya enzi ya Viktoria. Hapa Mbugangari ninakoishi, watu hawakuwahi kuielewa kazi hiyo. Jirani yangu, fundi wa pikipiki, aliniuliza siku moja huku akifuta mikono kwa kitambaa, "Mwalimu, bale Bazungu unafundisha, bado bako bazima?"

Nikamwambia walikufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wengi wao hawakuwahi hata kuishi, ni watu wa kubuni.

Akafikiri. "Bon. Donc unabasengenya."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka. Tangu siku ile, wanafunzi wapya wakiniuliza kozi yangu inahusu nini, nilikuwa nawaambia tunakuja kusengenya Waingereza waliokufa, ila kwa ushahidi na namba za kurasa.

Mnaposoma haya mtaona Kiswahili changu ni cha upande wa pili. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, nikasoma huko hadi chuo kikuu, na niliporudi hapa Rwanda, nchi ya wazazi wangu, watu walinicheka kwamba naongea kama redio. Nilikuja na sanduku la bati, na ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi moja niliyoiheshimu kuliko vyeti: orodha ya vitabu vinne ambavyo profesa wangu alitufundishia. Nilipopewa kozi, sikuchagua kitu. Niliipiga chapa orodha ile kama ilivyokuwa, hata kosa lake la tahajia nikalibeba. Vitabu vinne, kurasa zaidi ya elfu mbili, kwa watoto waliokuwa wakisoma Kiingereza huku Kifaransa kikiwa bado kinawakaa kichwani. Niliona kwamba kumtii mwalimu wangu ndiyo kazi yenyewe.

Aliyenifumbua macho ni Mama Vestine, mkutubi wetu. Alikuwa ametoka Masisi, upande wa Kongo, mama mnene mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Alisoma Kifaransa na Kinyarwanda. Kiingereza hakukijua hata kidogo. Mwisho wa mwaka wangu wa nne aliniita pale dirishani, akapanga nakala za vitabu vyangu kwa ubavu, ile sehemu ya kurasa ikitazama juu.

"Mi Kingereza sijui," akasema, "lakini vidole naijua. Angalia uku pembeni. Hii nyeusi ni vidole ya batoto yako. Banaanza muzuri, banakuja, banakuja. Hapa banaacha. Kuanzia hapa kitabu iko nyeupe kama siku ilitoka dukani."

Nikaangalia. Kitabu cha kwanza kilikuwa cheusi hadi ukurasa wa sitini hivi. Cha pili hadi arobaini. Cha nne hakikuwa na weusi wowote, na wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamekiandikia insha nzuri kabisa. Nilizipa alama nzuri mwenyewe.

Basi somo la kwanza ni hilo, na halimo kwenye shahada yoyote. Mwisho wa muhula usiangalie insha tu, angalia ubavu wa kitabu. Insha itakusifia, ubavu hauna sababu ya kukusifia. Miaka yote iliyofuata mimi na Mama Vestine tulikaa kila mwisho wa muhula na kikombe cha chai, tukisoma vidole. Alikuwa anasema, "Hii bameipenda," au, "Hii, Mwalimu, uiache ipumuzike." Hakukosea hata mara moja.

Somo la pili nilifundishwa na darasa, na lilinichoma kidogo. Nilikuwa nimechagua riwaya ambamo kijana anamposa binti bustanini, wawili peke yao, mvua ikiwanyeshea. Mimi nilipousoma ukurasa ule kwa mara ya kwanza kule chuoni nilitoa machozi. Nikawasomea kwa sauti, nikitegemea ukimya. Wakacheka mpaka mwenzangu wa darasa la jirani akaja kuchungulia mlangoni.

"Samahani, Mwalimu," akasema binti mmoja wa mstari wa mbele. "Huyu kijana hana hata mujomba? Nani anamusemea?"

Nilinuna siku tatu. Siku ya nne nikajiuliza, kwani swali lake lina ubaya gani? Wiki iliyofuata nikapanga viti pande mbili, kama tunavyofanya kwenye sherehe ya kuomba mchumba, nikawaambia wateue msemaji wa upande wa kijana na msemaji wa upande wa binti, na kila neno litakalosemwa litoke kitabuni. Msemaji wa binti alikuja na sababu kumi na moja za kumkataa yule kijana, kila sababu na ukurasa wake. Hoja ya saba ilikuwa kwamba katika riwaya nzima hakuna mahali palipoandikwa kijana anafanya kazi gani. Nilirudi kuangalia. Ni kweli, hafanyi kazi yoyote. Anapanda farasi na anahuzunika.

Tangu hapo kila kitabu kilichotaka kuingia kwenye orodha yangu nilikipima hivyo: wazee wa pande mbili wanaweza kukibishania saa nzima? Kama hawawezi, kilirudi rafuni, hata kama maprofesa wote wa dunia wamekisifu.

Sasa nije kwenye kosa. Mficha uchi hazai, na mimi nimezaa wanafunzi wengi, siwezi kuanza kuficha leo.

Nilikuwa na kitabu kipenzi. Ni riwaya ya kurasa mia saba na ushei, kuhusu familia moja yenye kiwanda cha pamba kaskazini mwa Uingereza. Baba anakufa, wosia unasomwa, dada watatu wanagundua kwamba hawakuachiwa kitu, mjomba anaingia na kushika kila kitu. Kitabu kile kilikaa kwenye orodha yangu kila mwaka. Wenzangu walinitania kwamba nimekioa. Kusema kweli nilikipenda kwa sababu ndicho nilichokisoma mwaka ambao baba yangu alifariki, na kila nilipokifungua nilijiona tena kijana. Wanafunzi wa mchana walikisoma, wengine kwa kulalamika, lakini walifika mwisho.

Kisha chuo kikafungua darasa la wikendi. Karibu wote walikuwa walimu wa shule za msingi, kutoka Nyakiriba, Kanama na huku mjini, na wachache waliovuka asubuhi kutoka Goma. Walifika Jumamosi wamechoka, wengine na matope ya shamba kwenye viatu, na walikuwa na watoto, misiba na kwaya. Niliwaangalia, nikawaonea huruma. Nikaagiza Kigali toleo jingine la kitabu changu, lile lililofupishwa kwa Kiingereza chepesi, kurasa mia moja na ishirini. Nikawapa hilo. Sikuwaambia kwamba kuna kubwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika, nikijiona mtu mwenye moyo mwema.

Kati yao alikuwapo Odette. Alikuwa na miaka thelathini na minane, akifundisha darasa la tano Nyakiriba. Alisomea Masisi kwa Kifaransa, Kiingereza alikikuta akiwa mtu mzima, na alikizungumza polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwenye kozi yangu alishaanguka mara moja, mwaka wa kwanza wa darasa lile. Nyingine zote alikuwa amezifaulu, hii tu ndiyo ilimbakia. Na mkuu wa shule yake alikuwa amemwambia wazi: diploma ifike mwisho wa mwaka, la sivyo darasa lake linapewa mtu mwingine. Kwa hiyo mwaka ule kazi ya Odette ilikuwa mikononi mwangu, na nilijua hivyo.

Jumamosi moja mchana, zikiwa zimebaki wiki sita mtihani ufike, Odette alikuwa maktaba akizungumza na kijana mmoja wa darasa la mchana kuhusu riwaya ile. Kijana akasema kwamba kwake yeye, mtu mkubwa wa kitabu ni yule mtumishi wa ndani, yule mwanamke aliyeificha barua ya marehemu. Odette akamwambia mtumishi kama huyo hayupo. Kijana akacheka. Odette alikuwa amekisoma kitabu chake mara tatu, na mtu aliyesoma kitu mara tatu hawezi kukubali kirahisi. Sauti zikapanda. Watu wakageuka.

"Nimesoma mara tatu," akasema Odette. "Mutumishi haiko."

Kijana akaenda rafuni, akarudi na kile kinene, akakifungua mbele yake. Mtumishi alikuwa pale ukurasa wa pili, akifungua mlango. Alikuwapo sura ya tatu, ya tisa, ya kumi na nne, hadi mwisho. Maktaba nzima ilikuwa inaangalia.

Aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo Odette hakuwahi kulifanya. Akaviweka vitabu viwili mezani, chembamba na kinene, kimoja kando ya kingine.

"Mwalimu, hii ni nini?"

Nikamweleza. Nilisema nilitaka kuwarahisishia, nilijua wana majukumu, kisa ni kilekile, mtihani wao nimeupunguza makali. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe ninavyojitetea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mumetoa mutu wa jikoni," akasema.

"Si mimi. Ni hao waliokifupisha."

"Na we ukachagua ile bamemutoa." Akaweka mkono juu ya kile kinene. "Mama yangu alifanya kazi ya ndani Goma, miaka kumi na munane. Yeye ndiye alinisomesha."

Niliona aibu. Nimetafuta neno jingine la kuwaandikia hapa na sijalipata. Nilikuwa nimezoea kuwaonya wenzangu kwamba mwalimu wa fasihi hatakiwi kuwadharau wasomaji wake, kumbe huruma yangu ilikuwa dharau iliyovaa nguo za kanisani.

Odette akasema anataka kukisoma kinene. Hapo nikaogopa kwelikweli. Nilimwomba asifanye hivyo. Nikamwambia zimebaki wiki sita, kurasa mia saba, Kiingereza cha kale chenye sentensi ndefu kama barabara ya Kigali. Abaki na chembamba, afaulu, aokoe darasa lake, kinene atakisoma likizo.

"Na ukianguka?" nikamuuliza.

"Nitaanguka na kitabu nzima," akasema, akakichukua.

Nilimfuata hadi maktaba nikiwa bado nambembeleza. Mama Vestine alikuwa ameshasikia kila kitu, kwa sababu mlango wa ofisi yangu haukuwahi kufungika vizuri. Alikipokea kitabu kutoka kwa Odette, akakipima uzito mkononi.

"Mwalimu," akasema, "si ulishaniambia hii vitabu, zamani kwabo, ilikuwa inatoka vipande? Mwezi huu kipande, mwezi mwingine kipande?"

Nikasema ndiyo. Waingereza wengi wa enzi ile walisoma riwaya zao hivyo. Zilitoka kwa mafungu, na watu walingoja fungu lijalo kama tunavyongoja habari za mgonjwa.

Mama Vestine akavuta droo, akatoa wembe. Mkutubi wa miaka yote ile, mwanamke aliyewahi kumfukuza mtu maktaba kwa kukunja kona ya ukurasa, alikichana kitabu changu kipenzi mgongoni mbele ya macho yangu. Alikitoa vipande kumi na viwili. Akavipeleka kwenye papeteri ya mjini, duka la karatasi na madaftari, wakavipigia pini na kuvivalisha jalada la karatasi ngumu ya kaki, akaandika namba juu ya kila kimoja. Kwenye daftari la maktaba, mbele ya jina la kitabu, aliandika: imechanika. Nilipomuuliza atasema imechanikaje, akajibu, "Muzuri."

Vipande viwili kwa wiki, ndio ulikuwa mpango. Kila Jumamosi Odette alirudisha viwili na kuchukua viwili. Jumamosi ya kwanza alikuja na orodha ya maneno mia na sitini asiyoyajua. Nilimfundisha jambo ambalo nawafundisha na ninyi: usitafute maana ya kila neno, tafuta nani anamtaka nani, nani anamficha nini nani, maneno yatakuja yenyewe yakikuta wenyeji. Jumamosi ya pili orodha ilikuwa fupi. Ya tatu hakuja na orodha, alikuja na maswali.

Kilichonishangaza kikatokea nje ya darasa. Siku moja nilikuwa sokoni Mahoko nanunua vitunguu, nikamkuta Odette amesimama hapo anangoja pikipiki, akitoka shuleni. Mama anayeuza vitunguu alikuwa ananipimia, akamgeukia yeye.

"Na ule mutumishi, barua alishaitoa?"

"Bado," akajibu Odette. "Iko ndani ya unga."

"Ya mahindi?"

"Ya ngano. Kule ni ngano."

"Panya itakula," akasema mama wa vitunguu, kwa wasiwasi wa kweli.

Nikauliza imekuwaje. Odette akaniambia, akionea haya kidogo, kwamba alianza kwa kuwasimulia walimu wenzake saa ya mapumziko, kipande kikiisha anasimulia, ili aone kama amekielewa. Wenzake wakanogewa, wakawasimulia wake na waume, na habari ikashuka na barabara hadi sokoni. Sasa akichelewa kumaliza kipande wanamgombeza. Nilisimama pale na vitunguu vyangu mkononi nikiwa na furaha nisiyojua nimwambie nani. Miaka yote nilikuwa nimefundisha kwa ubao jinsi watu wa zamani walivyongoja mafungu ya riwaya, na sikuwahi kuona kwa macho mtu anayengoja.

Lakini furaha haifaulishi mtu. Mtihani ulikuwa wa mdomo, na mtahini wa nje alitoka chuo kingine, mtu mrefu mwenye miwani, anayejulikana kwa kutotabasamu. Odette aliingia na gauni lake la Jumapili. Mtahini akamuuliza kwa Kiingereza kuhusu sheria ya wosia katika riwaya. Akajibu vibaya. Akamuuliza kuhusu mji wa viwanda na maana yake. Alianza vizuri, akapoteza neno moja, na likaondoka na sentensi yote. Mtahini akaandika kitu. Mimi nilikuwa kando, siruhusiwi kusema. Nilikuwa nimeshaanza kumwona mtu mwingine amesimama mbele ya darasa la tano Nyakiriba, na kujua kwamba wakati nilipotakiwa kumpa kitabu kizima mwanzoni, nilimpa nusu, na alipokipata alikuwa na wiki sita.

"Swali la mwisho," akasema mtahini. "Kwa nini mwandishi anamalizia kitabu kwa arusi?"

Odette akanyoosha gauni lake magotini. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole, "Kwa sababu amechoka."

Mtahini akainua uso. Akamwuliza ana ushahidi gani.

"Kipande cha kumi na moja kwenda mbele, amechoka," akasema Odette. "Yule mtumishi ana mguu mbaya tangu mwanzo. Hawezi kushuka ngazi bila kushika ukuta. Mwandishi anasema hivyo mara nyingi. Siku ya arusi, anashuka ngazi akikimbia, na mikono yake imejaa maua. Mwandishi amemsahau. Alikuwa anataka kwenda nyumbani."

Mtahini akaivuta nakala yake mwenyewe, nzima, ya jalada gumu, akatafuta sura ya mwisho. Akasoma. Akarudi nyuma, akasoma tena mahali pengine. Ilimchukua dakika kama tano. Mimi nilikuwa nimekisoma kitabu kile zaidi ya mara ishirini na sikuwahi kuuona mguu ule ukipona. Nilipomwangalia mtahini nikajua na yeye vilevile.

"Anakimbia kweli," akasema.

Alimpa kumi na mbili juu ya ishirini, na kufaulu kunaanzia kumi. Odette alipojua akakaa kwenye benchi la nje, akavua viatu vyake vya Jumapili vilivyokuwa vinambana, akalia kidogo, kisha akampigia simu mkuu wa shule.

Mwaka uliofuata niliondoa toleo jembamba, na darasa la wikendi likapewa vipande kumi na viwili. Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa mazuri moja kwa moja. Wawili walianguka, na mmoja alinichukia, naona hata leo ananipita barabarani kama hanijui. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kuna watu ambao wiki zao hazina hata haba. Sijui dawa yake. Ninalojua ni hili: waambieni watu kilichomo, kinene ni hiki, chembamba ni hiki na wamekatwa hawa na hawa, kisha wao wachague. Msichague kwa niaba ya uchovu wa mtu mwingine.

Na ninyi ambao wanafunzi wenu wanavuta muhtasari kwenye simu kabla hamjamaliza kutaja jina la kitabu, nawaachia silaha moja. Msiwaulize shujaa ni nani wala maudhui ni yapi, simu inajua. Waulizeni nani alifungua mlango. Nani alileta chai, nani alibeba mizigo kutoka kituoni, walikula nini baada ya mazishi. Wafupishaji wote wa dunia, wawe watu wawe mashine, wanaanza kwa kuwafukuza watu wa jikoni.

Mimi nimestaafu sasa. Asubuhi namwagilia maua ya mke wangu kwa namna ambayo yeye haridhiki nayo, mchana nasinzia. Odette aliendelea. Alikwenda Kigali kila wikendi miaka sita, akapata shahada ya kwanza, kisha ya uzamili, na kozi yangu sasa ni yake. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na orodha ya mwaka huu niiangalie, kwa heshima, ingawa hakuna sheria inayomlazimisha. Nikavaa miwani. Vitabu vinne. Nikatafuta kitabu changu, juu hadi chini. Hakikuwapo.

Nikaisoma tena. Nikajiambia labda ni huruma ileile, ugonjwa unaambukiza.

"Watoto ya siku hizi hawakiwezi?" nikamwuliza, nikiigiza Kiswahili chake ili nionekane sijaumia.

"Banakiweza sana," akasema.

"Sasa?"

Odette akaweka kikombe chini. "Si kitabu muzuri, Mwalimu."

Nikamkumbusha. Nikamwambia wewe, wewe Odette, uliingia ofisini kwangu bila hodi kwa ajili ya kitabu hiki, ukahatarisha darasa lako kwa ajili yake.

"Nilipigana nikisome," akasema kwa upole. "Sikupigana nikipende."

Mke wangu, aliyekuwa anapita na sahani, alicheka peke yake hadi jikoni. Iliniuma, siwafichi, iliniuma kama mtu anayeambiwa kuwa wimbo wa ujana wake ulikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Na chini ya maumivu hayo kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinapanda taratibu, nikakitambua kuwa ni furaha. Nikamwuliza ameweka kipi mahali pake.

Akatoa kwenye mkoba kitabu, akakiweka mezani. Kilikuwa kinene kuliko changu, kurasa mia tisa na kitu. Nilikijua kwa jina miaka yote, nimekisifu mbele ya wanafunzi, nimekitaja kwenye mikutano. Sikuwahi kukisoma.

"Naona utanipinga," akasema Odette.

"Nitakupinga."

"Sawa. Soma kwanza, Mwalimu. Kisha tutabishana."

Ninapowaandikia haya niko ukurasa wa mia mbili na kumi, na Jumamosi anakuja.